Mto Ugalla na Njia ya Wapagazi

Mgeni afikaye kwetu Ipole, kusini ya Tabora, asitafute milima mirefu wala maporomoko ya maji. Nchi yetu ni uwanda ulioinuka, na Tabora yenyewe iko yapata meta 1,200 juu ya bahari. Pori la miombo limeufunika uwanda huo. Mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili. Maji hukusanyika mbugani, huingia katika vijito, na vijito huuendea mto Ugalla. Wakati wa masika mto hufurika na kuenea mbugani. Wakati wa kiangazi mkondo hukatika, yakabaki mabwawa tu, ambamo viboko na mamba husongamana.

Tena yafaa tujue maji haya yaendako. Ugalla huingia Malagarasi, na Malagarasi humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, kusini ya Ujiji. Kimo cha ziwa ni yapata meta 773, hivi kwamba mteremko ni mdogo kwa safari ndefu, na mto huenda polepole. Maji ya ziwa hutoka kwa mto Lukuga, ambao Cameron aliufikia mwaka wa 1874, nayo huingia Kongo na kufika Bahari ya Atlantiki. Basi Wanyamwezi walipobeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, wao walielekea Bahari ya Hindi, na mvua ya nchi yao ilielekea bahari nyingine.

Njia kuu ya misafara ilitoka Tabora kwenda Ujiji moja kwa moja. Burton na Speke waliifuata. Walifika Tabora Novemba 1857, wakavuka Malagarasi kwa mitumbwi baada ya kutoa hongo kwa mwenye kivuko, wakaliona ziwa Februari 1858. Lakini mwaka wa 1871 vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu viliifunga njia hiyo. Ndipo Stanley alipotoka Kwihara mwezi wa Septemba, akazunguka kusini, akapiga kambi penye mto alioutaja kwa jina la Gombe, ambao maji yake huenda Malagarasi. Hapo watu wake walikataa kuondoka, kwa kuwa walitaka kupumzika zaidi.

Agosti 1872 Livingstone naye alishika njia ya kusini, asirudi akiwa hai. Mwaka wa 1873 Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake wakapita nao nchi hizi mpaka Unyanyembe, kisha pwani. Majina ya hao twayajua. Ya maelfu ya wapagazi wengine hayakuandikwa. Lakini bila watu waliojua bwawa lipi lina maji mwezi wa Oktoba, hapana msafara ambao ungalifika.

Reli ilifika Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914, na kazi ya upagazi ikapungua. Katika miaka ya 1920 na 1930, kwa sababu ya malale yaletwayo na ndorobo, serikali iliwahamisha watu wengi wa pori, ikawakusanya katika makazi makubwa. Pori likabaki kwa warina asali, wavuvi na wanyama. Mwaka wa 2019 sehemu ya bonde la Ugalla ilifanywa hifadhi ya taifa.

Sasa miombo yakatwa kwa mashamba na kwa kuni za kukaushia tumbaku. Udongo usio na miti hauyashiki maji. Mvua huteremka kwa haraka pamoja na mchanga, mabwawa hujaa matope, na kiangazi huwa kikali kuliko awali. Yatupasa kuacha miti iliyo ukingoni mwa vijito, maana mrina asali, mvuvi na mfugaji wote huitegemea.

Nanyi walimu wenzetu, watoto wetu hufundishwa Nile na Kongo. Wapelekeni kwenye kijito kilicho karibu na shule, muwaonyeshe maji yaendako, ndipo muwafundishe kwamba mto Kongo huanzia hapo pia.