Hiari ya Mtu na Dhamana ya Umma: Habari za Chanjo, Kutoka Ikonda

Apandaye kutoka Njombe kwenda Ikonda, wilayani Makete, huku baridi ikizidi na ukungu ukifunga njia, hufikia kimo cha mita zipatazo 2,000, na huko huikuta hospitali ya Wamisionari wa Konsolata, iliyoasisiwa katika muongo wa 1960, ambayo wagonjwa huiendea kutoka Mbeya, Songea na hata Dar es Salaam. Wakinga nao, wenyeji wa milima hiyo, ni mashuhuri kwa biashara, na maduka yao yameenea mpaka Kariakoo. Kwa hiyo maradhi ya wengine huwafikia, na yao huwafikia wengine.

Ndivyo ilivyokuwa hapo kale, ndui ilipofuatana na misafara ya pembe kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji. Wakoloni walipoleta chanjo, waliileta kwa amri, kwa mkono uleule uliotoza kodi na kuwasukuma watu katika kazi za shuruti, na kwangu mimi si ajabu kwamba wapo walioikwepa. Maana mtu aliyezoea kudhulumiwa hawezi kubainisha upesi amri ya kumdhuru na amri ya kumponya.

Walakini kukwepa nako kuna taklifu yake. Mwezi Oktoba 1977, katika mji wa Merca, Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin, ambaye hakuwa amechanjwa kwa kuogopa maumivu, alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili amwonyeshe dereva njia, na safari hiyo fupi ikatosha kumwambukiza. Maelfu ya watu wakachanjwa kwa haraka kumzunguka. Asiambukizwe hata mmoja kutoka kwake, naye akapona, akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui iliyoambukizwa kwa njia ya asili. Baadaye alizunguka nchini mwake akiwahimiza wazazi wawachanje watoto dhidi ya polio, akiwasimulia hofu yake mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka 2013.

Korona ilipoingia, serikali yetu ilikoma kutangaza idadi ya wagonjwa tangu mwishoni mwa Aprili 2020, na Januari 2021 Rais John Magufuli akazitilia shaka chanjo za nje hadharani. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya umma, baada ya kupokewa dozi zaidi ya 1,000,000, na chanjo ikatangazwa kuwa ya hiari. Chanjo hiyo haikuzuia maambukizi kikamilifu kama ile ya ndui, ila ilipunguza ukali wa maradhi na vifo.

Naona serikali ilitenda haki kutoshurutisha. Lakini hiari ya mtu aliyenyimwa habari za kweli kwa muda mrefu ni hiari pungufu. Fauka ya hayo, muuguzi anayemgusa mgonjwa aliyesafiri usiku kucha hayuko daraja moja na mkulima aliye peke yake shambani.

Watu wa Makete wanaijua thamani ya chanjo kuliko wengi, kwani mkoa wa Njombe ulikuwa na maambukizi ya virusi vya ukimwi ya asilimia 14.8 mwaka 2011-12, ya juu kuliko mikoa yote, nao ukimwi ni ugonjwa usio na chanjo hadi leo. Basi, msomaji, ikujiapo chanjo iliyothibitika, uliza maswali yako yote kwa waganga, kisha umtazame mzee anayeishi nyumbani mwako kabla hujatoa jibu.