Bunduki Kuukuu, Ugomvi Mpya

Watu hucheka wakiona polisi wa akiba Kenya amebeba Lee-Enfield. Mimi sicheki. Waingereza waliianza mwaka 1895: komeo unavuta kwa mkono, risasi 10, vitu vya kuharibika vichache. Ifute vumbi, ipake mafuta, itamfikia mjukuu.

Lakini angalia Tana Delta mwaka 2012, wakulima na wafugaji walipopigana. Agosti 22, zaidi ya watu 50 waliuawa Riketa, wengi kwa mapanga, mikuki na moto. Septemba 10, Kilelengwani, polisi 9 waliuawa. Bunduki zao hazikuwaokoa.

Kwa hivyo ukiniuliza Garsen kama chuma cha zamani kinaaminika, nitasema ndiyo. Cha kukaguliwa kila msimu ni malka, zile njia za mifugo kufika mtoni.