Tathmini Binafsi Kabla ya Kuchagua Tahasusi, Kozi na Fani

Kila mwaka, baada ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kutangaza matokeo ya Kidato cha Nne, TAMISEMI hufungua kwa muda maalumu mfumo wa kielektroniki unaowawezesha wahitimu kubadilisha machaguo ya tahasusi na kozi waliyoyajaza kwenye fomu ya uchaguzi (Selform) wakiwa bado shuleni. Katika muda huo mfupi, kijana ambaye mara nyingi hajatimiza miaka 20 hufanya uamuzi wenye uzito kuliko mwingi atakaoufanya baadaye.

Uzito huo unatokana na masharti ya udahili. Shahada ya udaktari wa binadamu huhitaji ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia katika Kidato cha Sita. Aliyesoma Historia, Jiografia na Lugha (HGL) hana njia ya moja kwa moja ya kuifikia, hata awe na ufaulu wa juu kiasi gani. Kinyume chake si sawa, kwani zipo shahada, hasa za sayansi ya jamii na biashara, zinazopokea wahitimu wa tahasusi za sayansi. Kwa sababu hiyo wazazi wengi huwasukuma watoto wao kwenye PCM au PCB kwa hoja kwamba milango hubaki wazi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini husahau jambo moja: mwanafunzi anayeshindwa mtihani wa Kidato cha Sita katika tahasusi asiyoimudu hubaki bila mlango wowote kati ya ile aliyoahidiwa.

Mwaka 2024 Serikali iliongeza idadi ya tahasusi za Kidato cha Tano kutoka 16 hadi 65, zikiwemo za michezo, sanaa na masomo ya dini. Si kila shule hutoa kila tahasusi. Hata hivyo, uwanja wa kuchagua umepanuka, na kwa kadiri unavyopanuka ndivyo mhitimu anavyohitaji kujipima kabla ya kubonyeza kitufe cha kuthibitisha.

Tathmini binafsi ni utaratibu wa mtu kujichunguza kwa makini ili kubaini anachopenda, anachokiweza, anachokithamini na mazingira yanayomzunguka, kisha kulinganisha hayo na mahitaji ya masomo au kazi anayoikusudia. Wazo hilo si geni. Frank Parsons, aliyeanzisha ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston, Marekani, mwaka 1908, alisisitiza mambo matatu: mtu ajijue, azijue kazi, kisha atafakari uhusiano uliopo baina ya hayo mawili. Kuanzia mwaka 1959, mwanasaikolojia John Holland, naye wa Marekani, alijenga nadharia inayogawa mielekeo ya watu na kazi katika makundi sita: kazi za mikono na vifaa, za uchunguzi, za sanaa, za kuhudumia watu, za ushawishi na biashara, na za taratibu na kumbukumbu. Hojaji nyingi za kupima mwelekeo wa kazi zinazopatikana bila malipo kwenye intaneti zimejengwa juu ya mgawanyo huo.

Hojaji hizo zina manufaa, lakini zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwanza, hupima mvuto, hazipimi uwezo. Matokeo yanayomweka mtu kwenye kundi la uchunguzi hayasemi kwamba ataimudu Kemia. Pili, nyingi zimeandikwa kwa ajili ya jamii nyingine na huuliza kuhusu kazi ambazo kijana wa wilayani hajawahi kuziona zikifanywa. Msichana asiyewahi kukutana na mpima ardhi wala fundi umeme mwanamke atajibu kwamba kazi hizo hazimvutii, ilhali jibu lake la kweli ni kwamba hazijui. Tatu, hojaji hujibiwa vibaya pale mwanafunzi anapoandika yale ambayo mzazi au mwalimu angependa kuyasikia. Ni vema ijazwe faraghani na kurudiwa baada ya wiki kadhaa. Majibu yakibadilika sana, hayastahili kuwa msingi wa uamuzi.

Kuhusu uwezo, ushahidi bora zaidi tayari uko shuleni: alama za mwanafunzi za miaka yote minne. Alama moja ya mtihani wa mwisho inaweza kuwa ya bahati, njema au mbaya, lakini mwenendo wa miaka minne hueleza zaidi. Mwanafunzi aliyepata C ya Hisabati akitokea F ya Kidato cha Pili yupo katika hali tofauti na aliyeipata C hiyohiyo akishuka kutoka A.

Hapa ndipo penye ugumu. Alama hupima uwezo wa mwanafunzi pamoja na mazingira aliyofundishiwa. Aliyesoma Fizikia bila maabara, au kwa muda mrefu bila mwalimu wa somo hilo, akapata alama ya chini, hawezi kuhitimisha kwamba hana kipaji cha sayansi. Anachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hajapimwa ipasavyo. Maswali ya kujiuliza basi ni mahususi zaidi: je, mada zile chache zilizofundishwa vizuri alizielewa? Je, anapopewa kitabu na muda, husonga mbele mwenyewe? Mwalimu aliyemfundisha kwa karibu au mwalimu wa ushauri na unasihi ana nafasi nzuri ya kusaidia kuyajibu, kwa kuwa watu wengi hawajipimi kwa usahihi wakiwa peke yao. Wapo wanaojikweza na wapo wanaojishusha.

Masharti ya udahili, hata hivyo, hayazingatii sababu ya alama kuwa ndogo. Anayeamini kwamba uwezo wake haukuonekana anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, au kupitia ngazi za astashahada na stashahada zinazosimamiwa na NACTVET, ambako kila kozi ina masharti yake. Stashahada ya utabibu, kwa mfano, huhitaji ufaulu wa masomo ya sayansi katika Kidato cha Nne. Miongozo ya udahili ya NACTVET na ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huchapishwa kwenye tovuti za taasisi hizo. Inafaa kuisoma kabla ya kuchagua tahasusi, wala si baada ya Kidato cha Sita kama ilivyo desturi.

Suala la gharama nalo ni sehemu ya tathmini, ingawa familia nyingi huona haya kulizungumza. Muda wa masomo, ada, umbali wa chuo na uwezekano wa kupata mkopo wa elimu ya juu vijadiliwe nyumbani kwa takwimu halisi.

Kwa wanaoelekea kwenye ufundi, kipimo cha kweli zaidi ni kazi yenyewe. Wiki mbili za kumsaidia fundi magari, mshonaji au mfugaji wa kuku humwonesha kijana kama anastahimili jua, vumbi, wateja wasumbufu na saa za kusimama. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeweka mkondo wa amali sambamba na mkondo wa elimu ya jumla katika sekondari, hivyo baadhi ya wanafunzi sasa hukutana na uamuzi huu mapema zaidi, wanapoingia Kidato cha Kwanza.

Wapo pia watu wazima ambao tayari wana ujuzi usio na cheti. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa vitendo, hupewa mafunzo ya kuziba mapengo yaliyobainika, kisha hutunukiwa cheti. Anayetaka kuomba aorodheshe kwanza kazi anazozifanya bila kusimamiwa na zile ambazo bado humwita mwenzake kumsaidia, kisha awasiliane na chuo cha VETA kilicho karibu naye.