Nani aliwageuza wadepite? Kutoka kura 281 mpaka 410



Ninakumbuka tarehe 10 mwezi wa 12 mwaka 2020. Tulikuwa nyumbani hapa Lubumbashi, mimi na mjomba, tunafuata kwa redio habari za bunge la Kinshasa. Siku mbili tatu mbele, wadepite walikuwa wamepigana kwa viti mule ndani ya Palais du Peuple. Sasa wakatangaza: Jeanine Mabunda, mkubwa wa Bunge la Taifa, ameanguka. Kura 281 za kumtosha, 200 za kumbakiza. Mjomba akaniuliza: "We njo unasomaka sheria. Bale bote si balikuwa ku FCC? Nani amebageuza?"

Sikuwa na jibu. Leo ninajaribu kulitoa, juu ulizo lake ni kubwa kuliko siasa za mwaka ule.

Tuanze na hesabu. Bunge la Taifa lina viti 500. Kisha uchaguzi wa 2018, FCC ya Joseph Kabila ilikuwa na viti zaidi ya 300. CACH, upande wa Raisi Félix Tshisekedi, ilikuwa na karibu 50 tu. Raisi aliapa tarehe 24 mwezi wa 1 mwaka 2019, lakini waziri mkuu, Sylvestre Ilunga Ilunkamba, alikuwa wa FCC, na wakubwa wa mabaraza yote mbili pia. Raisi alikuwa na kiti, wengine walikuwa na funguo. Mwaka 2020 mambo yakaharibika kabisa. Alipochagua majaji watatu wapya wa Mahakama ya Katiba, wakubwa wa Bunge na wa Seneti hawakufika siku ya kiapo, tarehe 21 mwezi wa 10.

Kisha hapo raisi alifanya nini? Mwezi wa 11 mzima akapokea watu: wanasiasa, watu wa dini, vyama vya raia. Tarehe 6 mwezi wa 12 akatangaza kwamba muungano wa FCC na CACH umekwisha, na kwamba anatafuta wengi wapya bungeni, ndani ya kile alichoita Union sacrée. Akaongeza neno moja: wengi hao wakikosekana, atavunja bunge, watu warudi kwenye uchaguzi.

Neno hilo njo lilifanya kazi. Lakini tusome Katiba vizuri. Kifungu 148 kinaruhusu raisi kuvunja Bunge kukiwa mzozo unaoendelea kati ya serikali na Bunge. Wakati ule serikali ilikuwa ya FCC, na Bunge la FCC. Mzozo ulikuwa kati ya raisi na hao wote. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kwa sheria kitisho kile kilikuwa na miguu mizaifu. Lakini depite hasomi kifungu peke yake. Anafikiri deni la kampanye, anafikiri barabara aliyoahidi na haiko, anafikiri sura za watu wa kwao. Alikuwa amebakisha miaka tatu ya mandat. Nani anapenda kurudi kuomba kura mapema?

Jambo la pili ni mlango. Kifungu 110 kinasema depite anayeacha chama chake kwa kusudi anahesabiwa ameacha kiti. Lakini kifungu 101 kinasema hakuna mtu anayeweza kumfunga depite kwa amri: mandat impératif ni bure. Kati ya hivyo viwili kuko nafasi ya kupita. Unabaki ndani ya chama chako, unabeba kadi yako, lakini unapiga kura upande mwingine.

Jambo la tatu ni kiti cha kukalia. Kila mkubwa aliyeanguka aliacha nafasi wazi. Tarehe 31 mwezi wa 12, raisi alimchagua Modeste Bahati Lukwebo kuwa informateur, maana yake mtu wa kutafuta na kuhesabu wengi wapya, kama kifungu 78 kinavyosema. Bahati mwenyewe alikuwa zamani wa FCC. Aligombana nao mwaka 2019 juu ya ukubwa wa Seneti, akakosa kiti kile. Mwezi wa 3 mwaka 2021 akakipata.

FCC walilaumu kwamba kura zilinunuliwa kwa makuta. Lakini hata tukiweka makuta pembeni, mpango wenyewe unaonekana. Raisi hakuanza na kura kubwa. Alianza na ile ya Mabunda, ambayo ilionyesha kila mtu kwamba FCC haina tena watu wake. Kisha hapo, kila depite alianza kuogopa kubaki nyuma peke yake. Tarehe 27 mwezi wa 1, serikali ya Ilunkamba iliangushwa kwa kura 367. Tarehe 15 mwezi wa 2, Sama Lukonde, aliyekuwa anaongoza Gécamines hapa kwetu, akachaguliwa waziri mkuu. Tarehe 26 mwezi wa 4, serikali yake ya watu 57 ikapata kura 410 juu ya 412.

281, 367, 410. Ni wadepite wale wale. Kati ya namba hizo hakukupita uchaguzi hata moja.

Hapo njo penye kuniuma. Mtu anaweza kusema raisi alikuwa na haki, juu nchi ilikuwa imesimama. Ninakubali, ilikuwa imesimama. Lakini depite aliyegeuka kwa hofu na kwa kiti, ataweza kweli kumuuliza raisi ulizo gumu kesho? Mwezi wa 5 mwaka ule ule, état de siège ilianza Ituri na Kivu ya Kaskazini. Katiba inataka Bunge likubali kila mara kuirefusha siku 15. Bunge likakubali, likakubali tena, miaka ikapita. Kura 410 zilikuwa nyingi za kusema ndiyo. Wa kuuliza "mpaka lini?" walikuwa wachache.

Nilimuelezea mjomba haya yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi raisi hakubageuza. Alibaonyesha tu fasi kwenye upepo inaenda."

Mara ijayo depite atakuja mtaani kwenu kuomba kura. Usimuulize tu ni wa chama gani. Muulize: ukitaka kuhama upande, utarudi kwanza kutuambia?