Banki na Neno Moja la Katiba

Msomaji akisikia ya kuwa wakubwa wa Marekani waliteta kwa ajili ya banki, atadhani waligombea fedha tu. Fedha ilikuwamo, lakini kiini cha mateto kilikuwa neno moja katika Katiba, yaani sheria iliyo msingi wa serikali yao.

Baada ya kujipatia uhuru kwa vita, Wamarekani walikuwa na deni kubwa. Basi Desemba 1790 Alexander Hamilton, waziri wa fedha, alilishauri baraza la Kongresi liunde banki ya taifa. Mtaji wake uwe dola 10,000,000. Serikali itoe sehemu moja katika tano, na watu wenye mali watoe zilizobaki. Banki hiyo iikopeshe serikali, iweke mapato yake, na kutoa noti.

James Madison, mjumbe wa Virginia, alisimama kupinga. Yeye alikuwa miongoni mwa walioitunga Katiba mwaka 1787, akakumbusha ya kuwa shauri la kuipa Kongresi uwezo wa kuunda mashirika lilitolewa mkutanoni, likakataliwa. Je, lililozuiliwa mlangoni liingizwe kwa dirisha? Tena watu wa kusini, ambao wengi wao walikuwa wakulima, waliogopa faida itawaendea wafanya biashara wa miji ya kaskazini. Hata hivyo wajumbe 39 walikubali, na 20 wakakataa, karibu wote wa kusini.

Rais George Washington aliingiwa na shaka, akataka mashauri ya mawaziri wake kwa maandishi. Thomas Jefferson alijibu kwamba Katiba yaruhusu yale yaliyo ya lazima kwa kutimiza kazi za serikali. Na banki, ijapokuwa yafaa, si ya lazima. Mpaka ukivukwa mara moja, uwezo wa Kongresi hautakuwa na kikomo. Sisi tungesema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hamilton alipopewa hoja hizo azijibu, aliandika kwamba jambo la lazima ni lile lisaidialo kazi. Aliyepewa kazi amepewa na zana zake. Washington akatia sahihi tarehe 25 Februari 1791, na banki ikapewa miaka 20.

Mwaka 1811 muda huo ulipokwisha, wapinzani walishinda. Katika Seneti kura zilikuwa 17 kwa 17, na kura ya George Clinton, makamu wa rais, ikaiangusha banki. Lakini vita na Uingereza vilivyoanza 1812 viliitia serikali katika dhiki ya fedha. Mwaka 1816 Madison yule yule, sasa rais, alitia sahihi banki ya pili, yenye mtaji wa dola 35,000,000. Alisema ya kuwa swali la Katiba limekwisha kukatwa na desturi ya miaka mingi iliyokubaliwa na watu. Na mwaka 1819 Mahakama Kuu ililifasiri neno lile kama Hamilton.

Walakini hoja za wapinzani hazikupotea bure. Ziliwalazimisha wenye mamlaka waeleze, kwa maandishi, wameupata wapi uwezo wao.