Kushuka mtoni, kupanda mjini: Kindu inavyosomwa kwa miguu

Tukitaja miji ya milima katika Kongo yetu, wengi huanza na Bukavu, halafu Matadi. Huko nyumba zimepandana, na mtu asiye na pumzi hafiki mbali. Kindu haihesabiwi kati ya miji hiyo, na ni kweli, hatuna mlima wa kuogopesha mtu. Lakini tuna ukingo. Ukiacha barabara kubwa na kuelekea Lualaba, ardhi inateremka ghafla, na hapo njo panaanza ngazi. Nyingi si za fundi. Ni vidato vilivyochongwa kwa jembe katika udongo, pengine vikashikwa na mawe au vijiti, vikasuguliwa na miguu ya kila siku. Katika kijitabu hiki cha desturi zetu, tumeona vema kuzisoma ngazi hizo, maana historia ya Maniema kwanza ni historia ya miguu.

Kabla ya reli, kila kitu kilichoingia Maniema kilikuja kwa miguu ya watu. Misafara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Kasongo na Nyangwe. Kiswahili chetu, nacho kilikuja kwa njia hiyohiyo, na pamoja nacho Uislamu, mpunga na kanzu. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, alisimulia safari zake kwa Kiswahili, na mpaka leo kitabu chake kinasomwa. Lakini tusidanganyane: si wote waliotembea kwa kupenda. Wengi walitembea wamebeba pembe za ndovu, wengine wamefungwa shingo. Sisi tunaotembea leo kwa hiari yetu tunakanyaga juu ya njia za watu wasioulizwa kama wanataka kwenda.

Ukingo wa mto nao una kumbukumbu yake. Nyangwe, upande wa kusini yetu, palikuwa na soko kubwa ambalo wanawake wa pande zote mbili za Lualaba walilifikia kwa mitumbwi, wakapanda ukingo na samaki, kuku, mafuta na vyungu vyao. David Livingstone alifika huko mwaka 1871 na alipenda sana kulitazama soko hilo. Tarehe 15 Julai ya mwaka huo, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya soko. Watu walikimbilia mtoni, wakajazana kwenye mitumbwi, na mamia walikufa, wengi wao kwa kuzama majini. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwasha hasira kubwa na kuongeza nguvu ya kuidai Zanzibar ifunge soko lake la watumwa, jambo lililofanyika mwaka 1873. Kwa hiyo mteremko wa kwenda majini, kwetu, si mahali pa kuoga na kufua tu. Ni mahali ambapo wazee wetu walinunua, waliuza, na pengine walikufa.

Kindu yenyewe ilikua kwa sababu ya mteremko na maji. Kutoka Ubundu, ambayo Wabelgiji waliiita Ponthierville, mashua inaweza kupanda mto hadi Kindu. Mbele ya hapo maporomoko na mawe yanafunga njia. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 na tajiri Mbelgiji Édouard Empain, ilijenga basi reli ya kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo, na kazi hiyo ilimalizika mwishoni mwa mwaka 1910. Ndiyo maana mji uliitwa pia Port-Empain. Sasa fikiria, ndugu msomaji: mzigo unafika kwa mashua chini, na gari la moshi linangoja juu. Kati ya mashua na behewa kuna ukingo. Pale ambapo mashine haikufika, bega la mtu lilifika. Vitabu vya reli vinahesabu kilomita, havihesabu vidato.

Anayetaka kuujua mji huu asipande pikipiki. Aanzie ku gare, kama tunavyosema, afuate reli kidogo, kisha aiache na kushuka upande wa maji. Ataona kwamba mji una mistari miwili. Mmoja umenyooka kufuata reli na mto: ni mstari wa kampuni na wa serikali. Mwingine unaukata huo wa kwanza, unashuka na kupanda: ni mstari wa mama anayebeba maji, wa mvuvi, wa mtoto anayekwenda kuoga. Mstari wa kwanza ulichorwa kwenye karatasi. Wa pili ulichorwa na nyayo. Komini za Kasuku na Mikelenge ziko upande huu wa kushoto, Alunguli iko ngambo. Hakuna daraja kati yao. Kwa hiyo anayetoka Alunguli kuuza mihogo au sombe anashuka ukingo wa kwanza, anapanda pirogi, halafu anapanda ukingo wa pili na mzigo kichwani. Huyo mama anaijua Kindu kuliko ramani yoyote.

Njiani kuna adabu. Anayepanda na mzigo hupishwa na anayeshuka mikono mitupu, hata kama anayeshuka ni mkubwa wa ofisi. Kijana akimkuta mama amesimama kupumua, humwambia "pole mama", na kama ana moyo, humtua. Hakuna polisi anayesimamia sheria hiyo. Tumeirithi, na inafundishwa palepale kwenye vidato, si shuleni.

Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998, gari la moshi liliponyamaza, tuliona tena thamani ya mguu. Vijana walisukuma baiskeli zilizojaa chumvi, sabuni na mafuta, siku kwa siku, kwenye njia za msituni. Reli ilikuwa imelala, lakini njia ya miguu haikulala.

Leo njia hizi zinapotea kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mvua. Maji hufuata njia ya miguu kama mtu anavyoifuata, na mahali pasipo na mfereji, kidato cha leo kinakuwa korongo la kesho. Ya pili ni ua. Mtu anapata parsele karibu na maji, anajenga ukuta, na njia iliyopitwa na vizazi inaishia kwenye matofali. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Taifa, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Lakini njia isiyo na jina na isiyo na maandishi, nani ataitetea mbele ya mwenye hati?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila kartiye iandike mishuko yake ya kwenda mtoni, jina la kila mmoja na sababu ya jina hilo, wazee wangali hai. Pili, salongo isiishie kufagia barabara ya wageni: mawe machache na mfereji mdogo pembeni vinaokoa ngazi nzima. Tatu, walimu wa historia wawatoe wanafunzi darasani, washuke nao hadi majini, wawasomee habari za Nyangwe na za reli wakiwa wamekanyaga udongo wenyewe. Mtoto aliyehesabu vidato kwa miguu yake hatakubali kesho vifungiwe ukuta akiwa ananyamaza.