Meza ya Kupangia Kurasa na Lugha za Mara

Historia ya maandishi katika Mkoa wa Mara ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kurasa zilizoandikwa mahali pamoja na kupangwa mahali pengine. Mwaka 1955 Julius Nyerere, akiwa ameacha kazi ya ualimu huko Pugu, alirudi kwao akamfundisha Kizanaki padre wa shirika la Maryknoll na kutafsiri maandiko ya dini katika lugha hiyo ya Butiama. Lakini tafsiri zake za Shakespeare kwa Kiswahili, zilizokuja kumpa sifa, ya kwanza mwaka 1963 na ya pili, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, zilitolewa na Oxford University Press. Elimu Haina Mwisho, gazeti lililoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya watu wazima wa Kanda ya Ziwa waliokuwa wamejifunza kusoma, nalo lilitolewa Mwanza. Mkoani kwenyewe, zana iliyojulikana shuleni na parokiani ilikuwa stensili, yaani karatasi yenye nta iliyotobolewa kwa taipureta kisha kufungwa kwenye mashine ya kudurufu, ambayo ilipitisha wino katika matundu yale.

Stensili ilitosha kwa mitihani na matangazo, ila taipureta iliyoitoboa haikuweza kuandika herufi isiyokuwa nayo, na hapo ndipo lugha za Mara zilipoumia zaidi. Kijita kina irabu tano kama Kiswahili, lakini lugha nyingine kadhaa za mkoa huu, Kikuria ikiwa mojawapo, zina irabu saba, na anayetaka kuzitofautisha zote kwenye karatasi hulazimika kutumia alama za ziada au herufi za pekee, kama vile i au u yenye kistari katikati. Taipureta ya Kiingereza ilizifuta tofauti hizo, na msomaji akaachiwa kazi ya kukisia.

Mwaka 1985 kazi ya kupanga kurasa ilihamia kwenye kompyuta, pale programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus ilipounganishwa na kompyuta ya Macintosh na mashine ya kuchapa kwa leza, hata mtu mmoja akaweza kufanya mezani kwake kazi ambayo awali ilihitaji karakana nzima. Bei ya zana hizo, hata hivyo, iliziweka mbali na ofisi ndogo ya parokia au ya halmashauri, na tangu mwaka 2013, kampuni ya Adobe ilipoacha kuuza matoleo mapya ya programu zake za usanifu kwa malipo ya mara moja, anayetaka toleo jipya hulazimika kulilipia kila mwezi au kila mwaka.

Jibu lilitokana na programu huria, yaani programu ambayo leseni yake humruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Mjerumani Franz Schmid alianza kuandika Scribus, programu huria ya kupanga kurasa, mwaka 2001 kwa ajili ya Linux, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2003. Kuisakinisha kwenye Mac kulikuwa kazi ngumu mwanzoni: mtumiaji alihitaji kwanza X11, mfumo wa kuonyesha madirisha ya programu za Unix, kisha Fink, mradi uliokusanya programu za aina hiyo na mara nyingi kuziunda upya kutoka msimbo chanzo, kazi iliyokula saa nyingi na data nyingi. Mlango ulifunguka mwaka 2003, kampuni ya Trolltech ilipotoa kwa leseni huria toleo la Mac la Qt, maktaba ya msimbo ambayo Scribus imejengwa juu yake. Leo mtumiaji hupakua faili moja, hulifungua na kuiburuta programu hadi kwenye folda ya Applications. Mac ikiikataa kwa kutomtambua msanidi wake, mtumiaji huiruhusu kupitia mipangilio ya usalama. Kwa miji ya Mara kama Musoma na Bunda, katika miaka ya mwanzo kupakua faili kubwa kulikuwa na uzito wake, kwani kebo ya intaneti ya SEACOM, inayopita chini ya bahari, ilifika Dar es Salaam mwaka 2009 tu, na kabla yake intaneti ya nchi ilitegemea zaidi satelaiti.

Kwa lugha zenye irabu saba, hatua kubwa zaidi ilitoka kwingine. Mwaka 2004 Jonathan Kew wa SIL, shirika linaloshughulikia lugha na tafsiri, alitoa XeTeX, programu huria ya kupanga kurasa ambayo mwanzoni ilifanya kazi kwenye Mac pekee, na ambayo ilisoma moja kwa moja fonti zilizokwisha kusakinishwa kwenye kompyuta pamoja na herufi zote za Unicode, kiwango cha kompyuta kinachokusanya herufi za lugha mbalimbali. Shirika hilo hilo lilitoa fonti ya Charis SIL kwa leseni huria, nayo inazo i na u zenye kistari. Katika karne hii SIL imefanya kazi Musoma na wasemaji wa Kizanaki, Kiikizu, Kikabwa, Kisimbiti na lugha jirani, kutafuta tahajia na kutafsiri maandiko. Kwa kazi ya namna hiyo, fonti ya bure yenye herufi zote ina thamani kubwa kuliko pambo lolote la ukurasa.

Scribus pia iliwahi mapema kutoa faili za PDF/X-3, muundo unaobeba ndani yake fonti zote za ukurasa, kiasi kwamba kitabu cha Kizanaki kilichopangwa Butiama kinaweza kupelekwa kiwandani Mwanza au Dar es Salaam ndani ya flashi, na mpiga chapa asiyekuwa na fonti hizo akakichapa bila irabu yoyote kugeuka kisanduku kitupu.